Kiti Juu ya Barafu ya Aprili

Watu wa Sarvijoki walikuwa wamekwisha acha kuyangoja majira ya machipuko. Waliyasoma kwenye Kalenda, kama mtu anavyosoma ratiba ya treni, kisha wakaenda zao. Machi, ilisema Kalenda ya mwaka ule, theluji ya kuteleza, nyuzi nane chini ya sifuri, mchana unaongezeka dakika sita kila siku. Aprili, matone kwenye mapaa mchana, kuganda kidogo usiku. Mei, barafu ya mto kuvunjika tarehe sita saa nne asubuhi, majani ya kwanza ya miti ya betula tarehe ishirini na mbili. Kwa miaka kumi na moja haikukosea hata saa moja. Mji mzima, pale ulipo chini kidogo ya mduara wa aktiki, ulifua makoti yake, ukashusha mashua zake na kupanga harusi zake kwa kuitazama Kalenda hiyo, na hakuna aliyeona ajabu.

Sehemu ya barafu katika Kalenda ilikuwa mikononi mwa Wakesho Righa. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na miwili, mfupi, mchache wa maneno, mpimaji mkuu wa Idara ya Msimu. Alifika mjini akiwa na miaka tisa, yeye na mama yake, mwaka ule joto lilipowatoa watu Voi kwa maelfu wakapelekwa kaskazini kwenye maji na nafasi. Sasa Kiswahili kilitamalaki sokoni Sarvijoki, na wenyeji wenyewe waligombea bei ya samaki kwa Kiswahili, tena kwa ufundi. Kazi ya Wakesho ilikuwa na majibu mawili tu: barafu inabeba, au haibebi. Akishagonga mhuri wake, mji unatembea juu ya mto.

Jumatano ile ya Aprili, siku tatu kabla ya Siku ya Kiti, alikuwa amempeleka mama yake mtoni kufanya mazoezi.

Siku ya Kiti ilikuwa na umri mkubwa kuliko Kalenda na Idara yenyewe. Kila Jumamosi ya pili ya Aprili, mtu mmoja aliyechaguliwa na mji huburuta kiti cha mbao mpaka katikati ya mto. Miguu minne ya kiti huingizwa kwenye matundu manne, humwagiwa maji, nayo hugandia hapo. Siku kiti kitakapochukuliwa na mto, majira ya baridi yamekwisha kisheria: shule zinafungwa wiki moja, mashua zinaruhusiwa, na mwenye nyumba haruhusiwi tena kumdai mpangaji kuni. Watu elfu nne hukizunguka kiti hapo hapo juu ya barafu, wakila sambusa na supu ya samaki, akordioni ikishindana na ngoma za mwazindika zilizotoka Voi mpaka jioni.

Mwaka ule, kwa mara ya kwanza, aliyechaguliwa alikuwa mtu aliyekuja na joto. Alikuwa Mama Mkamburi, mama yake Wakesho, wa miaka sabini na mmoja, na kwa siku kumi hakuwa na habari nyingine mdomoni. Alikuwa amekwisha mwambia muuza nyama, daktari wa meno, na mwanamke mmoja kwenye foleni ya posta ambaye hakuwa amemuuliza chochote.

Mafundi walikuwa wametangulia kutoboa matundu manne. Mama Mkamburi alipiga magoti kwenye theluji, akachungulia la kwanza, akachungulia la pili, akakunja uso.

"Wakesho, hebu njoo. Mbona hii ni nyeupe?"

"Barafu huwa nyeupe, Mama. Inuka, magoti yatakusumbua."

"Nani amekudanganya?" Mama Mkamburi hakuinuka. "Mimi nimeuza barafu Voi miaka tisa, kabla hujazaliwa na wewe ukiwa mgongoni. Ya kioo nilikuwa nawapa watu wa samaki, inakaa mpaka jioni. Hii nyeupe nilikuwa nawapa watu wa juisi, maana haifiki saa saba mchana. Ina hewa ndani. Ukiigonga inabomoka kama mkate mkavu."

Wakesho alikaribia kucheka. Yeye ndiye aliyesomea barafu miaka sita chuoni. Lakini alimheshimu mama yake, basi naye akapiga magoti, akavua glavu, akaingiza mkono tunduni. Ukuta wa tundu ulikuwa mweupe kama tui, na weupe ule ulishuka mpaka kiwiko chake kilipokaribia kuzama bila kufika kwenye kioo.

*

Katika ghala la Idara kulikuwa na kekee ndefu ya mkono ambayo mwalimu wake wa kazi aliiacha alipostaafu. Wakesho aliifuta vumbi, akarudi nayo mtoni peke yake, akatoboa sehemu saba. Kekee ile ilikuwa na kitu ambacho mitambo mipya haikuwa nacho: ilitoa nguzo nzima ya barafu, ukailaza kwenye theluji na kuitazama kwa macho yako.

Nguzo zote saba zilisema jambo moja. Unene, sentimita sitini na mbili, sawasawa na ilivyoandikwa kwenye Kalenda. Ila thelathini na nane za juu zilikuwa nyeupe, na kioo kilikuwa ishirini na nne tu chini yake.

Barafu nyeupe haitokani na mto kuganda. Theluji ikianguka nzito, inaikandamiza barafu iliyopo. Maji yanapanda kwenye nyufa, yanailowesha theluji ile, na mchanganyiko unaganda ukiwa umejaa viputo. Kwa macho ni barafu, kwa futi ya kupimia ni barafu, ila kwa kubeba ina nguvu nusu. Zamani tabaka hilo halikuzidi upana wa vidole viwili, kwa hiyo waliotengeneza mitambo ya kupimia waliifundisha kutoa tarakimu moja tu, ya unene. Kwa miaka kumi na moja tarakimu ilikuwa inakuja ofisini, Wakesho anaigongea mhuri, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba barafu ina rangi. Hilo ndilo lililomuuma. Mtambo ulifanya kazi yake barabara. Aliyeacha kutazama ni yeye.

Mkurugenzi wa Idara, Tuomo Rautala, alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Alikuwa mzaliwa wa Sarvijoki, Kiswahili alijifunza kwa wakwe zake, na alikuwa mtu mwema. Tusimfanye shetani kwa sababu tu hadithi inataka mtu wa kulaumiwa.

"Una hakika?" aliuliza.

"Nimetoboa mara saba. Ishirini na nne za kioo, ongeza nusu ya thelathini na nane. Inabeba kama sentimita arobaini na tatu. Sheria inataka hamsini kwa mkusanyiko."

"Theluji ya Februari."

"Ndiyo. Ile tuliyoileta wenyewe."

Wote wawili walitazama juu, ingawa juu palikuwa na dari tu. Kilomita tisa juu ya dari hiyo palitandwa Shuka. Ndivyo mji ulivyoliita, na jina lilistahili: ukungu mwembamba wa chumvi laini, uliotandazwa bonde zima na ndege sabini zisizo na rubani. Likitandwa, joto la ardhi halitoroki, na usiku unakuwa mpole. Likifunuliwa, joto lote linapanda angani na kupotea, na baridi inashuka kama zamani. Kwa kufunika na kufunua, Idara iliyapeleka machipuko kwa tarehe. Februari halmashauri iliomba wiki mbili za usiku mpole kwa ajili ya likizo ya watoto. Idara ikafunika, theluji ikaja nzito na yenye maji, watoto wakafurahi sana.

"Basi tuna dawa," alisema Tuomo, uso ukianza kumchangamka. "Tunafagia theluji juu ya uwanja wa kiti, na tunafunua Shuka usiku tatu. Leo, kesho, keshokutwa. Nyuzi ishirini na nne chini ya sifuri. Mto unaongeza sentimita tisa za kioo kwa chini. Arobaini na tatu na tisa?"

"Hamsini na mbili."

"Hamsini na mbili. Mhuri wako unakuwa wa kweli, Kalenda inabaki ya kweli, na Mama Mkamburi anapeleka kiti chake. Hatujamdanganya mtu, Bi Wakesho. Tumeifanya tarakimu isiseme uongo."

Hesabu ilikuwa sahihi, na Wakesho aliitamani. Angekuwa muongo kusema hakuitamani.

"Na ng'ambo?" alisema.

Shuka halikuwa na tundu dogo la kufunulia mto peke yake. Lilifunuka bonde zima, pande zote mbili, na ng'ambo ya mto kulikuwa na poro elfu moja na mia moja, wale kulungu wa kaskazini wenye pembe za matawi, wote majike wenye mimba.

"Poro wamezaliwa kwenye baridi," alisema Tuomo.

"Najua. Naomba kuuliza kabla ya kutia sahihi."

"Amri lazima iwafikie wanaoziongoza ndege kutoka chini kabla ya saa kumi na mbili jioni, la sivyo usiku tatu zinakuwa mbili, na mbili hazitoshi." Alizungusha kalamu mezani. "Kwa sheria, amri ya kufunua kwa ajili ya barafu inatoka kwako, na kuondoa mhuri pia kunatoka kwako. Kwenye uwanja wa mji, kwa mdomo wako mwenyewe, kama kawaida. Sitakulazimisha. Lakini Juni halmashauri inapiga kura kama Idara iendelee au ifungwe. Mtu akisikia kwamba tumekosea mara moja, atauliza ni mara ngapi nyingine."

"Nami nimeanza kujiuliza hivyo hivyo," alisema Wakesho, akachukua kofia yake.

*

Alivuka mto kwa mbao za kutelezea. Uzito wa mwanamke mmoja haukuwa kitu kwa barafu ile. Watu elfu nne wakipiga ngoma na kurukaruka ni jambo lingine. Jua la saa tisa lilikuwa limeshika theluji, na kila mti ulikuwa unadondosha maji.

Ristiina, mkuu wa wachungaji wa ng'ambo, alimpokea nje ya hema la kazi. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini hivi, mwenye Kiswahili cha sokoni na desturi ya kutosalimia mara mbili. Wakesho alimweleza yote bila kuficha: weupe, mhuri, usiku tatu za nyuzi ishirini na nne.

Ristiina aliinama, akachota theluji mkononi, akaikamua. Maji yalimtiririka kwenye vidole.

"Siku nne sasa, mchana iko hivi," alisema. "Ukiigandisha kwa baridi hiyo, inakuwa bamba. Poro anakula ukoga wa kijivu unaoota ardhini chini ya theluji. Anauchimba kwa kwato. Bamba hawezi. Atachimba mpaka kwato zitoke damu, halafu atasimama tu."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka liyeyuke. Wiki mbili, kwa Kalenda yenu. Wa kwanza anazaa tarehe ishirini na tano. Mama asiyekula wiki mbili hazai, mpimaji. Mimba inatoka."

"Utapoteza wangapi?"

"Mwaka ule wa kwanza wa Shuka mlijaribu mitambo yenu Aprili, mkafunua usiku tatu. Kati ya kila ndama watatu tulipoteza wawili. Tuliwaandikia barua. Mkajibu kwamba baridi ilikuwa ndani ya kiwango kilichokubaliwa."

Wakesho aliikumbuka barua hiyo vizuri. Aliiandika yeye, wiki yake ya pili kazini, na alisifiwa kwa ufupi wake. Aibu ilimpanda usoni, naye hakuificha.

"Mimi ndiye niliyejibu," alisema.

Ristiina alikausha mkono kwenye suruali. "Basi leo umekuja kuuliza kabla," alisema. "Kahawa ipo."

"Asante, Bi Ristiina. Siku nyingine. Nina mpaka saa kumi na mbili."

*

Mama Mkamburi alikuwa sebuleni anashona. Koti lake la baridi lilikuwa limelala mezani kama mgonjwa, na mgongoni mwake alikuwa akilitia kipande cha leso nyekundu aliyotoka nayo Voi, ile aliyombebea Wakesho mgongoni.

Wakesho alikaa bila kuvua viatu, jambo ambalo nyumba hiyo haikuruhusu, na mama akajua kuna neno. Alisikiliza. Mwanzoni aliendelea kushona. Baadaye sindano ikasimama.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema. "Ningefunga mdomo wangu pale tunduni, Jumamosi ningekwenda na kiti changu na watu wote nyuma yangu."

"Ungekwenda nao, ndiyo."

"Miaka thelathini na mitatu ninakaa mji huu. Nimewapikia, nimewalelea watoto wao, nimezika rafiki zao. Mara moja wameniita nitangulie mbele. Mara moja tu, Wakesho. Nimekasirika. Sikukasirikii wewe, lakini nimekasirika na wewe ndiye uliye karibu."

"Najua, Mama."

Nje matone yalikuwa yakigonga kingo za dirisha. Saa ya ukutani ilionyesha kumi na moja na robo, na Wakesho hakuitazama zaidi ya mara tatu. Alikuwa amekwisha amua tangu ng'ambo. Alichotaka sasa ni kwamba mama yake asikie kutoka kwake kabla ya mji kusikia.

Mama Mkamburi akaanza kushona tena, taratibu. Alimaliza pindo la juu, akaukata uzi kwa meno.

"Barafu hiyo," alisema, "inabeba mtu mmoja?"

"Inabeba hata gari."

"Inabeba bibi wa kilo hamsini na nane, na kiti?"

"Mama, desturi ni watu wote waende. Ngoma, supu..."

"Mimi sikuchaguliwa kupiga ngoma. Nimechaguliwa kupeleka kiti. Hao wengine wasimame ukingoni, wana macho. Supu inanyweka hata ukingoni."

Wakesho alimtazama mama yake, na kwa mara ya kwanza tangu saa nne asubuhi alicheka. Yeye na Tuomo, wataalamu wa Idara, walikuwa na chaguo mbili tu mezani. Akapiga simu.

"Mkurugenzi, Shuka lisifunuliwe. Kesho saa sita mchana nitakuwa kwenye uwanja wa mji kuondoa mhuri."

Upande wa pili Tuomo alivuta pumzi ndefu. "Utawaambia nini?"

"Kwamba tuliacha kutazama."

*

Ilikuwa desturi ya zamani ya mji kwamba anayeitilia barafu mhuri huitangaza mwenyewe, kwa sauti yake, bila kipaza sauti. Kwa miaka kumi na moja tangazo hilo lilikuwa sentensi moja, na watu walilisikiliza huku wakitembea. Alhamisi ile walisimama.

Wakesho aliwaeleza weupe na kioo. Aliwaambia mtambo haukukosea, aliyekosea ni mpimaji. Akawaambia kwamba kulikuwa na njia ya kuirekebisha barafu kimya kimya, na gharama yake ingekuwa ndama wa ng'ambo, naye hakuitaka. Kiti kitakwenda Jumamosi. Kitakwenda na mtu mmoja. Wengine wote watakaa ukingoni.

Watu walinung'unika. Mwenye mgahawa wa supu alinung'unika kuliko wote. Kisha mzee mmoja wa mbele akauliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia, "Na mto utavunjika lini basi? Bado tarehe sita?"

"Barafu nyeupe huoza kwa namna yake," alisema Wakesho. "Sijui."

Neno hilo lilikuwa halijasikika kutoka mdomoni mwa Idara kwa miaka kumi na moja. Mtu mmoja nyuma alicheka, halafu akaona hakuna aliyemfuata, akanyamaza.

Ijumaa asubuhi halmashauri ilimnyang'anya mhuri. Walimpa kazi ya kuandika daftari la mto, lile la karatasi, ambalo liliendelea kuwekwa kwa sababu tu hakuna aliyekumbuka kulifuta. Tuomo aliupokea mhuri kwa mikono miwili, akauweka kwenye droo yake, na hakumteua mtu mwingine.

*

Jumamosi ilikuja na jua kali na mbingu ya maziwa, Shuka likiwa limetandwa vilevile. Watu elfu nne walisimama kwenye kingo mbili za mto, upande wa mji na upande wa ng'ambo, kwa maana Ristiina na watu wake nao walikuja, na hilo halikuwahi kutokea. Desturi ilitaka mtia mhuri atangulie mbele ya kiti. Wakesho hakuwa na mhuri tena, lakini hakuna aliyejitokeza kugombea nafasi hiyo, basi akatangulia yeye, hatua ishirini mbele, akiwa na kekee mkononi.

Nyuma yake Mama Mkamburi aliburuta kiti kwenye kijisleji, kigari cha kuteleza kisicho na magurudumu, leso nyekundu ikiwaka mgongoni mwake. Kutoka ukingoni hakikuonekana kingine chochote juu ya mto wote: nukta mbili na kiti. Ngoma zilikuwa zimenyamaza. Hakuna aliyeziambia zinyamaze.

Katikati, barafu ilitoa mlio mrefu uliopita chini ya miguu yao kuelekea darajani.

"Inasema nini?" aliuliza Mama Mkamburi.

"Inajinyoosha tu, Mama. Jua limeipata."

"Hata mimi hulia hivyo nikiamka."

Waliingiza miguu ya kiti kwenye matundu, wakamwaga maji, wakangoja yashike. Wakesho alikuwa akihesabu dakika alipogeuka na kumkuta mama yake amekaa kitini, mikono mapajani, akiutazama mji.

"Mama, hicho hakikaliwi. Hakijawahi kukaliwa."

"Nimekiburuta mita mia mbili."

Kicheko kilianzia ng'ambo, kwa wachungaji, kikavuka mto na kuuchukua ukingo wa mji mzima. Halafu ngoma zikaanza. Mama Mkamburi alikaa dakika tatu kamili, kama mtu anayepigwa picha, ndipo akakubali kurudi. Wakesho alitembea nyuma yake safari hii, na kila hatua ya mama yake ilimkaa moyoni mpaka walipokanyaga ardhi.

Barafu ilibaki nzima siku hiyo na zilizofuata. Wapo waliosema ingewabeba wote elfu nne, na supu juu. Pengine. Wakesho hakubishana nao, wala hakupoteza usingizi.

*

Tarehe sita Mei saa nne asubuhi, kwa mazoea, nusu ya mji ilikwenda mtoni. Kamera za Idara zilifungwa tayari. Mto ulilala pale pale, mweupe, umejaa madimbwi, na kiti kimesimama juu yake kimeinama kidogo upande wa kushoto. Saa tano watu wakaanza kutazamana. Jioni kamera zikafunguliwa na kurudishwa ghalani.

Siku ya pili yake karatasi ikabandikwa kwenye ukuta wa duka la mikate, na watu wakaanza kuandika siku waliyodhani mto utavunjika. Wazee walikumbuka kwamba mchezo huo uliwahi kuwepo kabla ya Kalenda. Atakayepatia ndiye atakayepeleka kiti mwaka ujao. Daktari wa meno aliandika tarehe nane, akaja kuandika tena kumi kwa mwandiko mwingine, akakamatwa. Mama Mkamburi aliandika ishirini, akamkejeli kila mtu aliyeandika mapema. Watu ambao hawakuwahi kuingia Idara walianza kupita ofisini kwa Wakesho asubuhi kusoma daftari la karatasi: maji yamepanda vidole vinne, upepo wa kusini, korongo wawili wameonekana darajani. Ilibidi aongeze benchi.

Ng'ambo, Ristiina alituma salamu kwamba ndama mia tisa walikuwa wamesimama kwa miguu yao na wengine wanakuja. Alituma na kahawa.

Alhamisi ya tarehe kumi na nne, saa ambayo baadaye ilileta mabishano makubwa, simu ya Wakesho ililia.

"Mwanangu, kiti kimekwenda."

"Saa ngapi, Mama?"

"Sijui. Nilikuwa dirishani nakunywa chai. Nikainama kuongeza sukari, nilipoinua kichwa hakipo. Mto wote unatembea."

"Sukari ulikatazwa."

"Ndiyo maana niliinama."

Wakesho alikwenda dirishani. Mapande ya barafu yalikuwa yakigongana chini ya daraja kwa kishindo cha mizigo inayoshushwa, na kwenye kingo zote mbili watu walikuwa wakimiminika, wengine na slipa za nyumbani. Alizunguka ofisi zote akiuliza. Hakuna aliyekuwa ameangalia wakati ule. Kila mmoja alidhani mwenzake anaangalia. Akarudi mezani, akafungua daftari, akaandika:

*Alhamisi, 14 Mei. Kiti kimekwenda. Saa haijulikani. Shahidi alikuwa anakunywa chai.*

Wino ulikuwa haujakauka Tuomo alipoingia akihema, theluji iliyoyeyuka imemlowesha suruali mpaka magotini. Alisoma mstari ule. Akausoma tena.

"Halmashauri itataka saa," alisema.

"Hatuna saa, Mkurugenzi. Tuna hiyo."

Tuomo alisimama kidogo, akisikiliza mto. Halafu akatia mkono mfukoni mwa koti, akatoa mhuri, akaupulizia pumzi kama walivyofanya wazee wake, na kuugonga chini ya mstari ule. Mhuri aliuacha mezani, upande wa Wakesho, akashuka mbio kwenda kuangalia maji.